Mkoba Nyuma ya Mlango



Sisi ni watu wa Pwani tulioletwa Nairobi na riziki. Kwetu ni Magarini, katika Kaunti ya Kilifi, kwenye kitongoji kilicho baina ya mji wa Mambrui na Mto Sabaki. Makazi yetu, kwa miaka kumi na saba sasa, ni mtaa wa Satellite, upande wa magharibi wa jiji, jirani na Kawangware na Riruta. Jarida hili hutufikia kila wiki, nasi hulisoma kwa sauti baada ya chakula cha Ijumaa ili watoto wasiisahau lugha ya kwao. Leo tumeona nasi tuandike. Tunalolisimulia lina aibu kidogo ndani yake, kwa kuwa katika kisa hiki sisi ndio tuliokuwa walimu wasiolijua somo lenyewe.

Mvua za vuli za mwaka 2023 hazijasahauliwa na mtu. Miezi kadhaa kabla yake wataalamu wa hali ya hewa walikuwa wametangaza kuwa El Niño inakuja. Bahari ya Pasifiki ilikuwa imepata joto lisilo la kawaida, na Bahari yetu ya Hindi nayo ilikuwa na joto zaidi upande wa Afrika kuliko upande wa Indonesia. Hali hizo mbili zikikutana, mvua za vuli katika nchi zetu huzidi mpaka. Kisha mwezi wa Oktoba yakasemwa hadharani maneno ya kupoza, kwamba mvua haitakuwa ile iliyohofiwa. Watu wakalegea. Waliokuwa wameanza kuhamisha mbuzi wakawarudisha, na waliokuwa wameshusha magunia ya mahindi kutoka darini wakayaacha sakafuni.

Novemba ikaja na maji. Kenya nzima iliathirika, na zaidi ya watu 150 wakapoteza maisha kabla ya mwaka kwisha. Kwetu Pwani, Mto Tana na Mto Sabaki ilivunja kingo, na barabara ya Mombasa kwenda Malindi ikakatika penye daraja la Mbogolo. Sisi tulikuwa hapa Satellite, simu mkononi, tukiwa hodari wa kutoa nasaha. Kila baada ya saa moja tulimpigia Bi Mkubwa, mama yetu mzazi kwa mmoja wetu na mavyaa kwa mwingine. Tulimwambia ahame, asichelewe, achukue vitu vya maana. Yeye akitujibu kwa utulivu: "Wanangu, mimi nimeshafunga mkoba. Muulizeni mwenzangu."

Mwenzake alikuwa ni wifi yetu, anayekaa naye nyumba moja pamoja na wanawe watatu. Mumewe yuko Qatar kikazi. Siku ile maji yalipoanza kuingia uani, wifi yetu hakuondoka. Alikuwa akingoja neno la mumewe. Haikuwa kwamba mume ni mkali. Ni mazoea tu kwamba jambo kubwa la nyumba haliamuliwi bila yeye kujua. Mtandao wa simu ulikuwa umekatika. Akangoja saa mbili, watoto wakiwa wamepandishwa juu ya kitanda, hadi maji yakafika magotini. Bi Mkubwa ndiye aliyemkata shauri. Alimwambia, "Mwanangu akiuliza, mwambie mama yake ndiye aliyekutoa," akamshika mjukuu mdogo, akatangulia mlangoni. Walivuka hadi shuleni, kwenye mwinuko, wakiwa wameshikana mikono pamoja na majirani. Usiku ule ukuta wa jikoni ukaanguka, na asubuhi nyumba yote ilikuwa imelala.

Alhamdulillahi, hatukufiwa. Lakini mali ilikwenda: kuku, mahindi, vyerehani viwili vya wifi yetu ambavyo ndivyo vilivyokuwa riziki yake, na kasha la Bi Mkubwa lililokuwa na karatasi za tangu enzi za baba yake. Kilichookoka ni mkoba mmoja wa kitambaa kizito alioutundika begani.

Mwezi wa Disemba tukamleta Bi Mkubwa Satellite. Tulijiona tumemwokoa. Tulimwambia kwa fahari kwamba huku kuna ghorofa za mawe, na tuko mbali na bahari, na mto mkubwa hatuujui. Akautundika mkoba wake kwenye msumari nyuma ya mlango wa mbele. Watoto wakamcheka. "Bibi, unasafiri lini?" wakimwuliza kila wakitoka kwenda shule. Naye akiwajibu, "Nikiitwa."

Jioni moja, akiwa ameketi barazani akitazama mtaro ulio mbele ya lango letu, alituuliza maji yale huenda wapi. Tukamwambia: huingia kijitoni. Na kijito? Huingia Mto Nairobi. Na Mto Nairobi? Hapo ndipo tulipoanza kusitasita, kisha tukatafuta ramani, kisha tukanyamaza. Mto Nairobi na vijito vyake, pamoja na ule wa Motoine unaopita kusini yetu kuelekea Kibera, mwisho wake huingia Mto Athi. Athi huteremka kupita maporomoko ya Fourteen Falls, ukafuata ubavu wa uwanda wa Yatta, ukaingia Tsavo na kuitwa Galana. Ukikaribia pwani huitwa Sabaki, na humwagika baharini baina ya Malindi na Mambrui. Kwa maneno mengine, mvua inayonyesha juu ya paa letu Satellite hupita kwa Bi Mkubwa kabla ya kufika baharini.

Akacheka sana. Akasema miaka mingi amekuwa akiokota chupa za plastiki ufukweni na kujiuliza ni nani hao wasiokuwa na adabu. "Kumbe ni wanangu."

Tunalieleza hili kwa kirefu kwa sababu ndiyo siri ya mafuriko ya Pwani ambayo wengi wetu huisahau. Mtu wa Garsen au wa Sabaki huweza kulala chini ya anga safi, bila tone la mvua, akaamkia maji mlangoni. Mvua imenyesha mbali, milima ya Aberdare na Mlima Kenya, nayo huchukua siku kadhaa kuteremka. Katika Mto Tana kuna mabwawa matano ya umeme, kuanzia Masinga, kisha Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere. Yakijaa na kuanza kufurika, tangazo hutolewa kwa watu wa Garissa na Tana River. Siku hizo chache kati ya tangazo na maji ni neema. Anayezitumia huhamisha watoto, mifugo na mbegu. Anayezipuuza kwa kuwa hakuona wingu, hujuta.

Sasa tufike kwenye aibu yetu. Ramadhani ya mwaka 2024 iliisha na Idi ikapita, mvua za masika zikiwa tayari zimeanza. Usiku wa kuamkia tarehe 24 Aprili, Nairobi ilipata mvua ambayo hatukuwahi kuiona katika miaka yetu yote ya kukaa hapa. Sisi tunakaa chini, kwenye nyumba ya kupanga. Mtaro wa mbele ya lango ulikuwa umeziba zamani. Humo mlikuwa na mifuko, chupa, nepi za watoto na mchanga wa ujenzi, na sehemu yake ilikuwa imefunikwa kwa zege ili kibanda kikae juu. Sote tulipita juu yake kila siku. Hakuna aliyekuwa na haki ya kumlaumu mwenziwe.

Yapata saa nane za usiku, Bi Mkubwa alituamsha. Alikuwa ameamka kwa ajili ya tahajudi akakanyaga maji. Katika muda wa dakika chache maji meusi yalifika vifundoni, kisha nusu ya muundi. Tuliokuwa tukitoa nasaha za simu tukageuka watu wasiojua pa kuanzia. Mmoja wetu alikimbilia godoro, mwingine runinga. Faili la vyeti lilikuwa chini ya kitanda, ndani ya boksi la karatasi. Tulipoliinua, lilipasuka kama mkate uliotiwa kwenye chai. Tochi ilikuwapo, haina betri. Simu moja tu ndiyo iliyokuwa na chaji. Swichi kubwa ya umeme hatukuikumbuka mpaka jirani wa juu alipotupigia kelele tuizime, kwa maana maji yalikuwa yamekaribia soketi ya ukutani.

Kisha binti yetu wa miaka tisa akaanza kukohoa. Ana pumu, na baridi na ukungu humwamsha nayo. Pampu yake ya dawa huwekwa mezani kando ya kitanda. Meza ilikuwa imepinduka. Tulipapasa majini kwa mikono, gizani, mama akilia waziwazi, huku kifua cha mtoto kikipanda na kushuka kwa ile sauti ya mluzi ambayo kila mzazi mwenye mgonjwa wa pumu anaijua. Hatukuipata.

Bi Mkubwa hakusema neno. Alikuwa amesimama mlangoni, mkoba begani, ameshajifunga kanga yake na mtandio. Akatia mkono ndani, akatoa pampu. Wiki nyingi kabla yake alikuwa ametuomba ile ya akiba, nasi tukampa bila kuuliza. Alisema baadaye kwamba dawa ya mtoto haikai mahali pamoja tu. Mtoto akavuta mara mbili, tukangoja, akavuta tena. Jirani wa ghorofa ya kwanza, mama Mkristo ambaye tulikuwa hatujazidi naye salamu za ngazini, alitufungulia mlango wake na kutupa blanketi zake zote. Hatutaisahau hisani ile.

Asubuhi ilipopambazuka ndipo tulipojua ukubwa wa mambo. Huko Mathare maji yalikuwa yamebeba nyumba na watu. Siku tano baadaye likaja lile la Mai Mahiu lililoua zaidi ya watu 50 usiku mmoja. Kufikia katikati ya Mei, nchi nzima ilikuwa imezika zaidi ya watu 250, na ufunguzi wa shule ulikuwa umeahirishwa. Msiba wetu sisi ulikuwa magodoro na vyeti. Tunautaja kwa unyenyekevu.

Siku ile, juu kwa jirani, Bi Mkubwa aliufungua mkoba wake mbele ya wajukuu ili aanike kilicholowa. Wakaona kitambulisho chake na nakala za vyeti ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa kwa mpira. Mlikuwa na dawa zake za presha, noti chache zilizokunjwa, kiberiti ndani ya kopo, pakiti ya tende, na daftari dogo lenye namba za simu zilizoandikwa kwa mkono, kwani simu ikizima, nani anazikumbuka namba za watu? Mlikuwa na kanga mbili. Na chini kabisa, kitambaa cheupe kilichokunjwa vizuri, kikinukia kafuri.

Binti yetu akauliza ni nguo ya nini. Bi Mkubwa akamjibu bila kuficha: "Hii ni sanda yangu." Watoto wakanyamaza. Akaendelea kwa sauti ile ile aliyoitumia kuwaeleza tende: "Nilikuwa msichana mwaka 1961, Sabaki ilipochukua mashamba yote. Nikaja nikaiona ya 1997, nikiwa na watoto. Kila mara watu walikimbia mikono mitupu. Nikajiambia, mimi nimemwandalia Malaika wa mauti nguo yangu, kwa kuwa najua atakuja. Maji nayo najua yatakuja. Mbona nisiyaandalie?"

Tumeyafikiri maneno hayo mara nyingi. Katika jamii yetu hakuna anayemshangaa bibi mwenye sanda kabatini. Twaiona ni busara. Lakini mtu akiandaa mkoba wa dharura, huambiwa anajitabiria mabaya, au kwamba imani yake ni chache. Kisa cha bedui aliyemwacha ngamia wake bila kumfunga, kila mmoja wetu alikisikia chuoni. Nabii Nuh, alayhis salaam, aliunda safina kabla ya maji, huku watu wakimcheka. Nabii Yusuf aliwekea watu nafaka katika miaka ya neema. Kutegemea kwa Mwenyezi Mungu hakukuwazuia kufanya kazi. Kulikuwa ndiko kuliko wapa moyo wa kuifanya.

Basi haya ndiyo tuliyoyabadilisha, nasi twayaandika si kwa kujifanya mafundi bali kwa kuwa tumeyalipia.

Kwanza, ruhusa. Tuliitisha kikao cha nyumba, na shemeji wa Qatar akiwa kwenye simu, tukakubaliana kwa kauli moja: maji yakiingia uani, au tangazo likitolewa, aliye mkubwa nyumbani saa ile anaondoka na watoto bila kumngoja mtu. Shemeji alilia alipojua mkewe alingoja saa mbili kwa ajili yake. Enyi waume na wana mlio mbali, iwe Nairobi au Ghuba, semeni neno hili leo, mtandao ukiwapo.

Pili, karatasi. Wale miongoni mwetu waliohojiwa mara kwa mara kabla ya kupewa kitambulisho wanajua uzito wa kukipoteza. Vyeti vya kuzaliwa, cheti cha nikaha, hati ya shamba, vyeti vya shule na kitabu cha kliniki cha mjamzito viwekwe pamoja ndani ya plastiki isiyopitisha maji, mahali pa juu, na picha zake zitumwe kwa jamaa aishiye mji mwingine.

Tatu, mkoba wenyewe. Uwe mwepesi kiasi cha kubebwa na mwanamke aliyebeba mtoto. Muwe na dawa za kila mgonjwa za wiki moja, tochi na betri zake, filimbi, pesa taslimu, maji ya kunywa, na taulo za hedhi. Na muwe na kanga na mtandio. Tumesikia zaidi ya mara moja habari za wanawake waliorudi ndani gizani kutafuta cha kujisitiri. Sitara ikiwa mlangoni, hakuna wa kurudi.

Nne, ujuzi mdogo unaookoa. Maji yaendayo kasi, hata yakiwa chini ya magoti, humwangusha mtu mzima. Yakifika kimo cha sentimita 60 huweza kubeba gari. Tusiyavuke kwa kukisia, wala tusimwamuru dereva wa matatu ayavuke. Umeme uzimwe kabla maji hayajafikia soketi. Baada ya mafuriko, kisima na choo huwa vimechanganyika. Baada ya yale ya 2024 kipindupindu kilijitokeza Tana River. Maji yachemshwe au yatiwe dawa, na chakula kilichoguswa na maji ya gharika kitupwe, hata kama roho inauma. Mtu akiharisha, lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi humshikilia hadi afike hospitali. Namba ya Msalaba Mwekundu, 1199, haina malipo. Watoto wetu sasa wanaijua kwa moyo.

Nao walio karibu na bahari wasisahau tarehe 26 Disemba 2004. Tsunami ile iliua karibu watu 300 Somalia. Huku Kenya, ambako habari zilitangulia na watu wakaondolewa ufukweni, alifariki mtu mmoja. Mpaka huo baina ya nchi mbili zinazopakana uliwekwa na saa chache za kuonywa na kutii.

Tano, mtaro. Jumapili ya kwanza ya kila mwezi, wapangaji wa plot yetu, Waislamu na Wakristo, hutoka na majembe na mabuti. Mama wa ghorofa ya kwanza ndiye kiongozi wetu. Zege lililofunika mtaro limevunjwa kwa maelewano, na mwenye kibanda amesogea hatua tatu. Kila chupa tunayoitoa humo, tunajua ni chupa moja ambayo haitafika Mambrui.

Bi Mkubwa amesharudi kwao. Lililokuwa zito kuliko yote ni kumshawishi asijenge pale pale. Pale ndipo alipozaliwa, ndipo palipo makaburi ya wazee, na udongo wa mto ndio uotao mahindi na migomba. Hatukumshinda kwa hoja. Alijishinda mwenyewe, siku aliyokwenda kuzuru makaburi akakuta mawili yameliwa na mto. Sasa nyumba yake mpya iko kule juu karibu na shule, na bondeni panalimwa tu. Hushuka asubuhi, hupanda alasiri, na hulalamika kuwa kilima kinamwua magoti. Wifi yetu amepata cherehani kimoja, na hukiweka juu ya meza aliyoijengea miguu mirefu.

Hapa Satellite, nyuma ya mlango wetu wa mbele, pana misumari minne na mikoba minne. Ule wa binti yetu una pampu ya akiba, ambayo yeye mwenyewe hukagua tarehe yake ya mwisho kila mwezi unapoandama. Wageni wakiingia huuliza tunasafiri lini. Watoto hujibu kabla yetu.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu azijaalie mvua zetu kuwa za rehema, awarehemu waliochukuliwa na maji, na azilinde nyumba zetu za bara na za pwani. Nanyi wasomaji, msiiache Ijumaa hii ipite kabla ya kupigilia msumari mmoja.

Wabillahi tawfiq.